KURUDISHA CHA WATU: KUTOKA GARI LA KUKODI HADI SHIMO LA LUSU

Mtu amekodi gari kwa mkataba wa miaka miwili. Muda umekwisha, anatakiwa alirudishe kwa mwenyewe. Mwenye gari analizunguka, anaona matairi yamekuwa vipara, shokapu zimechoka, bodi ina mikwaruzo. Anadai alipwe. Aliyekodi naye anajibu kuwa kodi ameitoa kila mwezi, sasa ilitarajiwa gari likae barabarani miaka miwili kisha lirudi jipya? Ugomvi wa namna hii umejaa mijini kwetu, kati ya matajiri na madereva wa hesabu, kati ya kampuni za kukodisha na maofisi. Je, nani kati yao ana haki?

Ndugu msomaji, suala hili si la gereji peke yake. Ni suala la amana, na wanazuoni wa fiqhi walilishughulikia karne nyingi kabla gari halijatengenezwa. Walipambanua mikono inayoshika mali ya mwingine. Upo mkono wa aliyepora, huo unalipa kila kitu. Upo mkono wa aliyeazima bure, ambao kwa madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, unalipa kitu kikipotea au kuharibika, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Na upo mkono wa aliyekodi. Huu ni mkono wa amana: haulipi, ila kama mwenyewe amevuka mipaka au amefanya uzembe.

Mfano wa kuazima ni deraya alizochukua Mtume (saw) kwa Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria. Safwan alikuwa bado hajasilimu, akauliza kama anaporwa. Akahakikishiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Baadhi zilipopotea, Mtume (saw) alijitolea kulipa, na Safwan ndiye aliyekataa malipo. Tuzingatie kwamba aliyehakikishiwa haki yake hapa hakuwa Muislamu, na aliyeazima alikuwa kiongozi mwenye jeshi nyuma yake.

Basi kwa nini aliyekodi awe na nafuu kuliko aliyeazima? Kwa sababu amelipia. Kodi ndiyo bei ya manfaa, na kuchakaa kwa kawaida kumo ndani ya bei hiyo. Tajiri anayepokea hesabu kila jioni, kisha mwisho wa mkataba akadai tena fedha za tairi lililolika kwa kazi ile ile, anauza kitu kimoja mara mbili. Hiyo ni dhulma, hata kama mkataba umeandikwa kwa herufi ndogo na dereva ameutia saini kwa shida zake.

Lakini dereva naye asishangilie mapema. Wanazuoni walitoa mfano wa mtu aliyekodi mnyama wa kupanda hadi mahala fulani, kisha akampitisha mahala hapo. Tangu hatua ile ya ziada, dhamana imemwangukia. Tuuweke mfano huu katika njia yetu ya zamani ya misafara: aliyekodi punda kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha akamfikisha Ujiji bila idhini, punda akifa njiani atamlipa. Gari lililokodiwa kwa safari za mjini likapelekwa kubeba mkaa porini, ni punda yule yule. Vivyo hivyo kwa anayerudisha nyuma mita ya kilomita, anayekwepa kumwaga oili, au anayechomoa betri nzima na kuweka mbovu siku mbili kabla ya kukabidhi. Mwenye gari huenda asigundue. Allah (sw) ameshajua.

Dawa ya ugomvi ni kuandika. Qur'an, katika Surat Al-Baqara aya ya 282, imetuamrisha kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Kwa roho hiyo hiyo, hali ya gari iandikwe siku ya kulichukua, ili siku ya kulirudisha pasiwe na kukisia.

Sasa tutoke kwenye gari, tuende Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Hapo palikuwa na mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute ya Australia, miongoni mwa migodi mikubwa ya kwanza ya dhahabu baada ya milango ya uwekezaji kufunguliwa. Ulianza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990, ukatoa zaidi ya aunsi milioni 2, na kufikia mwaka 2014 uzalishaji ulikuwa umekoma. Muda wa leseni ukiisha, eneo hurudishwa. Lakini linarudi nini?

Hapa ndipo fiqhi inatufumbua macho. Jamhuri ya wanazuoni wanasema haifai kukodi mti kwa ajili ya kula matunda yake, kwani kinachokodishwa ni manfaa, na kitu chenyewe lazima kibaki. Kinachoisha kwa kutumiwa hakikodishwi, kinauzwa. Kwa kipimo hicho, ardhi ya juu inaweza kukodiwa na kurudishwa: vifusi visawazishwe, miti ipandwe, maji yawe salama. Dhahabu haikukodishwa. Dhahabu iliuzwa, na kiliuzwa cha watu wote, wakiwemo ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo anayeulizwa Lusu si mpangaji peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kwa udhamini. Mdhamini anayeuza mali ya yatima haulizwi kama bei ilikuwa nzuri tu, anaulizwa pia bei ile imegeuzwa nini. Kama imegeuzwa kisima, shule na ujuzi wa kudumu, basi cha watu kimerudi kwa sura nyingine. Kama imeliwa kwa safari na posho, shimo linabaki kuwa shahidi.

Wengi wetu mijini tunajiona wenye nyumba, ilhali hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Sisi sote ni wapangaji, na Surat An-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Tuanze na kilicho karibu. Aliye na gari la mtu aangalie oili leo, na aliyekodisha gari lake asidai alichokwisha kulipwa.

Wallahu a'lam.