Kikanda: kitu ambacho hatukupanda, nani atakitunza?

Sisi wote wa Katanga tunajua kikanda mezani: viazi vidogo vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa kalanga, magadi na pilipili mpaka vinashikana kama mkate. Lakini ni wangapi kati yetu wamekwisha kuona ua lake? Mtoto wa mjini atakuambia kikanda kinatoka sokoni, basi.

Kumbe ni ua la porini, jamaa ya orkide. Linaota katika dembo wakati wa mvua. Kiangazi linakauka juu, linabaki hai chini. Kila mwaka mmea unatengeneza kiazi kipya pembeni ya kile cha zamani. Cha zamani kinanyauka, kipya kinangojea mvua nyingine. Mchimbaji anachagua kile kigumu, maana yake kipya. Ndiyo kusema anachukua mwaka ujao.

Mtu atasema: tulime, kama muhogo. Hapo ndipo shida. Mbegu ya orkide ni kama vumbi, haina chakula ndani. Haioti bila kuvu la udongo kuilisha, na ua la kwanza linangojewa miaka. Kwa hiyo kutunza hapa si jembe. Ni kungoja mbegu zikomae na kumwagika mbele ya kuchimba, kuacha mashina mengine, kupumzisha dembo.

Sasa, tuna haki gani ya kumwambia aache, mama ambaye analipa minervali kwa mafungu ya kikanda? (Sisi walimu tunaishi na minervali ile ile.) Wengine wanajibu kwamba kitu cha pori ni cha Mungu, mwenye kufika kwanza achukue. Hatukubali. Muhogo ukiisha, mwenye shamba anapanda tena. Kikanda kikiisha hakuna wa kupanda, na mtoto wa mama yule ndiye atakosa. Huko Zambia kilipopunguka, wanunuzi walienda mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa, maua haya yakiwa sababu mojawapo.

Hata hivyo hifadhi haimpi mama chakula. Afazali watu wa kijiji wapatane wenyewe: mwaka huu dembo hili, mwaka ujao lile. Mapatano hayo hayatashika kama sisi walaji wa mjini hatukubali fungu dogo kwa bei kubwa, na mara zingine sinia ya harusi bila kikanda.