Dharura Isiyopiga Kelele

Hebu nikuulize: sheria iliyowekwa kuokoa maelfu ikimfungia njia mtoto mmoja akafa, kuna aliyemuua? Usikimbilie kujibu. Wengi wakiulizwa hivyo husema, "Aa, bahati mbaya tu." Jibu hilo mimi silitaki.

Tuchukue Uganda. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ilisimamisha matatu na bodaboda za abiria, na siku chache baadaye hata magari ya watu binafsi. Mgonjwa aliyetaka kupelekwa hospitali kwa gari ilibidi apate kibali cha mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais. Nia ilikuwa njema, sibishi. Ugonjwa ulikuwa mgeni na hofu ilikuwa ya kweli.

Sasa, nchi hiyo hiyo ina saratani ya watoto ambayo dunia nzima inaiita kwa jina la daktari aliyefanya kazi Mulago, Kampala: Denis Burkitt, aliyeiandikia mwaka 1958. Mara nyingi huanza na uvimbe wa taya. Meno yanalegea. Mama anadhani ni jino bovu, anamsukutulisha mtoto maji ya chumvi, anangoja. Kumbe seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili! Piga hesabu mwenyewe wiki tatu za kungoja ni nini hapo. Na kinachouma zaidi, ni saratani inayosikia dawa vizuri, mtoto akiwahi.

Utaniambia: si kibali kilikuwapo? Angeomba. Basi hapo ndipo pana kitendawili. Kibali huombwa na mtu anayejua kwamba ana dharura. Anayevuja damu anajua. Mjamzito tumbo linamsemea, na kweli Aprili ile ile wajawazito waliruhusiwa kwenda bila kibali. Lakini mtoto mwenye shavu lililovimba, ambaye bado anacheza uani, nani atamsemea? Afisa atampima kwa macho, wakati hata daktari anahitaji kukata kinyama kidogo kikapimwe maabara? Saratani ya damu nayo huja na homa na uchovu, na mwaka ule mwenye homa alikuwa mtu wa kuogopwa, si wa kuchunguzwa. Kwa maneno mengine, sheria ilimkabidhi asiyejua kazi ya kujua.

(Sisi tunaojifunza kuandika riwaya tunapenda kifo chenye king'ora. Huyu wa taya hatumwandiki, maana sura nzima itapita mtu akingoja tu.)

Wapo watakaosema korona ndiyo iliyoua. Hapana, tusiibebeshe yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Nchi tajiri huponya zaidi ya 80 kati ya kila 100. Nchi nyingi maskini hazifikishi hata 30. Kuchelewa hakukuzaliwa 2020. Njia ilikuwa nyembamba tangu zamani, korona ikaweka gogo katikati. Tofauti ni kwamba wagonjwa wa korona walihesabiwa na kutangazwa, na huyu wetu hakuwamo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo, hatia ni ya nani? Mimi nasema aliyefunga barabara siku ya kwanza hana hatia. Alifunga gizani kama sisi sote. Hatia inaanza siku anapojua barabara ile ilikuwa ikibeba nini, halafu anaendelea kukaa ofisini akisubiri kuombwa. Mwenye nguvu ya kusema "njoo uombe" ana wajibu wa kwenda kuuliza yeye. Wala haikuhitaji mabilioni. Redio ile ile iliyotufundisha kunawa mikono ingeweza kutamka, kila baada ya taarifa ya habari: mama, mwanao akivimba taya, au mboni ya jicho lake ikang'aa nyeupe kwenye mwanga wa taa, toka naye leo, barabara ni yako.