Risasi Iliyokosa

Wajukuu zetu siku hizi hupigana vita vya ndege wakiwa wamekaa mezani. Programu za kompyuta za mchezo huo zimefika hata Ifakara, na kijana wa sekondari aweza kukueleza aina za risasi kuliko askari wengi: ya kutoboa chuma hupenya injini, ya moto huwasha tangi la petroli, ya mwanga humwonyesha rubani risasi zake zinakoelekea, na kombora la mzinga wa milimita 20 hulipuka ndani ya bawa na kulirarua.

Mambo hayo ni kweli. Mwaka 1940 Spitfire ya Uingereza ilikuwa na bunduki 8, kila moja ikiwa na risasi 300, na zote ziliweza kumalizika kwa sekunde kama 15. Simlaumu kijana kwa kuyajua. Hiyo ni fizikia, na pengine ameishika vizuri kuliko darasani. Wazee wenzangu wasemao kwamba mchezo utamfanya muuaji hawajanishawishi. Sisi tulikua na manati mikononi.

Swali langu ni jingine: risasi iliyokosa huenda wapi? Katika mchezo hutoweka. Zinazohesabiwa ni zile zilizopata tu.

Mwezi Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kushambulia matangi ya mafuta ya Mwanza. Iliyakosa. Mabomu yaliangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, kisiwani katika Ziwa Viktoria, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Je, rubani ana hatia juu ya hao? Wako watakaosema hana, kwa kuwa nia yake ilikuwa matangi. Mimi nasema nia haitoshi. Aachiliaye bomu kutoka juu anajua kwamba mabomu hukosa. Basi amekwisha kukubali, kabla ya kuliachilia, kwamba laweza kumwangukia yeyote aliye karibu. Huko si kujikwaa. Kumo ndani ya uamuzi wenyewe.

Huku kwetu bonde la Kilombero, mkulima mwenye gobore anayelinda mpunga wake hutazama kwanza kilicho nyuma ya nguruwe. Huenda lipo dungu la jirani, na mtoto amelala humo. Akifyatua na kumpata mtoto, hakuna mzee atakayemwuliza alimlenga nani. Ataulizwa kama hakuliona dungu.

Nilimwambia kijana mmoja kwamba mchezo wake ungenipendeza zaidi kama, baada ya vita, ramani ingeonyesha mahali ilipoangukia kila risasi iliyokosa. Alicheka, akasema kompyuta yake isingeweza kubeba hesabu hiyo.