Mchango wa Pili

Mchango wa kwanza haukunisumbua. Dadangu mdogo alikuwa na miaka 22, na hapa Muyeye kila mtu alielewa: maumivu ya koo ya utotoni, yale ambayo penisilini ya bei nafuu ingeyamaliza, yalizaa homa iliyoharibu valvu ya moyo. Tukafungua grupu la WhatsApp, mimi nikawa mweka hazina. Watu wakatuma 50, wengine 5,000. Akawekewa valvu bandia, akarudi, tukala pilau. Tukaona yamekwisha.

Miaka 4 baadaye alianza kuhema tena, mkojo ukawa mweusi kama strungi. Madaktari wakaeleza: valvu yenyewe ni nzima, ila damu inavuja pembeni yake.

Valvu kama hiyo, iliyopata mafanikio ya mapema kwa kazi ya daktari Albert Starr na injinia Lowell Edwards huko Marekani mwaka 1960, hushonwa kwa uzi kwenye nyama ya moyo. Maambukizi yakiingia, au nyama ikiwa dhaifu, mshono huachia. Uvujaji mdogo huachwa, ukaangaliwa tu. Ukiwa mkubwa, moyo huchoka, na chembe nyekundu za damu huvunjika zikipenya kwa nguvu. Hapo ni kufungua kifua upya na kushona, au kupitisha mrija mwembamba kutoka pajani na kuweka kizibo. Njia zote mbili ni ghali.

"Si tulishamaliza hii?" mjomba aliandika kwenye grupu. Nilitaka kumkasirikia, lakini mimi mwenyewe nilikaa siku tatu bila kuandika ombi. Nilimwonea dadangu hasira, kana kwamba amevunja kitu tulichomnunulia.

Twasema tenda wema nenda zako. Maana yake ni usingoje shukrani. Sisi tumeigeuza ruhusa ya kuondoka. Twapenda wema wenye mwisho, wenye picha ya mgonjwa akitabasamu. Lakini nenda ufukweni uwaone mafundi wakisindilia pamba kati ya mbao za mashua. Hakuna mvuvi anayeona ajabu kwamba iliyozibwa mwaka jana inazibwa tena. Ubao ni mzima. Maji hupenya kwenye maungio, na maungio hutunzwa maisha yote ya chombo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mifuko ina mwisho. Kuna mtoto wa jirani ambaye hajachangiwa hata mara moja. Kwa nini dadangu apate mara mbili? Sina jibu safi. Mtu akisema hana, au kuna mwenye shida zaidi, nakubali. Ninachokataa ni "tulishatoa". Tulichotoa jana hakipunguzi haja ya leo.

Niliandika ombi. Hatujafika nusu, na watu 11 wametoka kwenye grupu. Dadangu aliona, akaniambia, "Usiwaombe tena, kaka. Naona haya."

Maneno hayo yalinitisha kuliko ripoti ya daktari. Mtu asife kwa kuogopa kutusumbua.