Mchele wa Watu Wanane

Kilo mbili za mchele, ukizipika vizuri na maharagwe kando, zinashibisha watu wanane. Mimi kwa kilo hizo hizo napata kama lita nane za bia. Hesabu ni rahisi na inaudhi: lita moja kwa kila tumbo ambalo lingelala limeshiba. Jirani yangu wa ploti, mama mmoja kutoka Kakamega ambaye hajui kupunguza sauti, aliona sufuria yangu na kuniambia, "Kijana, wewe unachezea chakula."

Hakusema pombe ni dhambi. Kwao busaa ni kitu cha kawaida, wazee wanakizunguka chungu kimoja na mirija mirefu. Alichosema ni kuchezea. Neno hilo ndilo limenikalia.

Ukweli ni kwamba nacheza. Natafuta wanga na sukari ambazo kiwanda cha bia hakingefikiria kununua. Ngara nanunua sukari guru yenye harufu ya moshi, na poha, ule mchele wa Wahindi uliochemshwa kisha ukapondwa hadi ukawa bapa. Kilimani kwa Wachina kuna mchele unaonata na vitufe vyeupe vya chachu. Eastleigh napata teff, na gesho, majani machungu ambayo Waethiopia hutia kwenye tej na tella. (Mti wenyewe unaota hata kwetu milimani. Wakikuyu wanauita mukarakinga na wanautia kwenye supu. Nalipia kitu kilichovuka Moyale huku mwenzake anakula jua nyuma ya boma la mtu Nyeri.)

Na hapa ndipo ninapolewa kabla sijanywa. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na hamira haina meno ya kuukata. Lazima kitu kingine kiukate kwanza. Anayetumia shayiri huiacha ichipue, kwa sababu mbegu ikianza kuota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake yenyewe. Mama wa busaa anafanya hivyo hivyo kwa wimbi, na hicho ndicho kimea. Wachina wao walitumia kuvu, iliyomo ndani ya vile vitufe. Kwenye milima ya Andes wanawake walitafuna mahindi wakayatema, mate yakafanya kazi, ikatoka chicha. Watu ambao hawakuwahi kuonana walikuta kufuli moja, kila mmoja akachonga ufunguo wake. Nikitumbukiza poha kwenye maji ya nyuzi 65 pamoja na kimea, bila hata kuichemsha kwanza, na baada ya saa moja ule ugiligili unaonja kama chai iliyozidi sukari, nasikia raha ambayo darasani sikuipata hata siku moja.

Sasa, raha hiyo inatosha kuhalalisha mchele wa watu wanane?

Jibu la haraka ni kwamba pesa ni zangu. Silipendi. Kwa jibu hilo mtu anaweza kumwaga maziwa barabarani akaenda zake. Jibu la pili ni kwamba kila mtu anafanya. Senator Keg, iliyoanza kuuzwa 2004, siku hizi inatengenezwa kwa mtama, na hakuna anayesema kiwanda kinachezea chakula. Lakini pale mkulima amelipwa kwa gunia lake. Na kule kwa akina mama wa Kakamega, ukitaka majirani wakupalilie shamba unapika busaa. Nafaka inaingia chunguni, inatoka ikiwa majembe kumi asubuhi. Haijapotea, imebadilisha kazi. Tena busaa ni nzito, ni nusu uji. Mimi yangu naichuja hadi ing'ae, machicha yanaenda kwa kuku wa mlinzi, halafu marafiki wanne wanainywa wakisema "inaonja kama ndizi, buda," na kurudi kwenye simu zao. Hakuna shamba lililopaliliwa.

Ningeishia hapo, nikubali kwamba mama ameshinda. Ila neno kuchezea nimeshaambiwa tena, na halikuwa juu ya mchele. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye harambee. Kuna daftari nyumbani lenye majina na pesa kando ya kila jina: huyu mia tano, huyu kuku, baba mdogo ndama mzima. Nilipoacha, kijiji kilitumia kitenzi hicho hicho. Alichezea karo yetu.

Kwa hivyo sina haraka ya kukubali kwamba kila kisichorudi kama jembe kimepotea. Ukianza hivyo, maskini hatawahi kuruhusiwa kujaribu kitu. Mtoto wa tajiri akiacha chuo anaitwa anajitafuta. Ndama wake hakuuzwa. Udadisi unageuka mali ya wasiodaiwa, na hilo silikubali hata nikiwa na njaa.

Lakini pia siwezi kujifanya ndama yule alikuwa hewa. Alikuwa na miguu minne na mwenyewe alimfunga kamba akampeleka sokoni. Nadhani hapo ndipo mama wa ploti na kijiji wanapokutana, hata kama hawajakaa pamoja. Wale wa busaa hawakatazi nafaka kuwa pombe. Wanachotaka ni kwamba aliyeitoa ajue imeenda wapi, na aitwe ikiiva. Mimi nilikula karo nikanyamaza, nikahamia Nairobi, nikawa mtu wa "niko sawa" kwenye simu. Kuacha chuo nitakutetea mchana kutwa. Huko kunyamaza bado sijui nitakutetea vipi.

Desemba naenda nyumbani na chupa kumi na mbili za ile ya sukari guru na wimbi. Baba mdogo tumeongea. Amesema atakunywa, lakini kabla hajafungua hata moja, nikae chini nimweleze mwaka wa tatu uliishia wapi.