Melimeli Isiyo na Mbegu

Wazee wa Pwani wakitaja melimeli, wanataja nguo iliyoitwa malmal huko Bara Hindi. Iliyozishinda zote ilifumwa Dhaka, leo mji mkuu wa Bangladesh. Aina moja iliitwa shabnam, yaani umande. Nyingine baft-hawa, hewa iliyofumwa.

Pamba yake, phuti karpas, iliota kando ya mto Meghna. Nyuzi zake zilikatika hewa ikikauka, ndiyo maana wasichana wenye macho makali walisokota alfajiri na jioni, penye unyevu. Kabla ya hapo pamba ilichanwa kwa taya la kambare, ambalo meno yake ni membamba kuliko ya kitana. Na uzi ulipakwa uji wa bisi za mpunga ili uvumilie mtande. Jiko na kitanda cha kufumia havikuwa mbali.

Baada ya vita vya Plassey, 1757, Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ikaishika Bengal, Dhaka ikiwemo. Mfumaji alipewa arbuni, bei akapangiwa, akazama kwenye deni. Kisha vikaja vitambaa rahisi vya viwanda vya Uingereza. Husimuliwa kwamba Waingereza waliwakata wafumaji vidole gumba. Naelewa kwa nini hadithi hiyo inapendwa: mwenye kisu ni rahisi kumlaani. Lakini bei ilitosha kuwamaliza, na haikumwaga damu.

Mwaka 1851 melimeli ya Dhaka ilionyeshwa London, watu wakastaajabu. Nguo zikatunzwa makumbushoni. Mbegu hakuna aliyeitunza, kwani mkulima hapandi asichouza. Bangladesh ilipotaka kuifufua karne hii, watafiti walilazimika kulinganisha vinasaba vya pamba waliyoikuta mashambani na vya nguo kuukuu iliyoko London. Mkulima wa zamani angewapa mbegu hizo kiganjani.

Jamdani, ndugu wa melimeli mwenye nakshi, bado hufumwa Rupganj, kando ya mto Shitalakshya. UNESCO iliitambua mwaka 2013. Kwa desturi nakshi zake hazichorwi: fundi huzitamka, na mwanafunzi wake huitikia huku akipitisha uzi. Sari moja huweza kula miezi. Kitanda cha kufumia hukaliwa na watu wawili, bega kwa bega, na yule wa pili mara nyingi huwa kijana. Vijana nao wanaitwa na viwanda vya nguo, ambako mshahara hutoka kila mwisho wa mwezi.