Tawakali na Magurudumu

Mtu wa Litapunga anunuaye rimu pana kupita kiasi kwa kuwa zapendeza machoni, akazipachika katika Prado yake, kisha akawapakia mkewe na wanawe kwenda Mpanda huku akisema kwamba ajali ni kadari ya Mungu, huyo hakutawakali; amekhini amana. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, alimwagiza aliyemwuliza amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Na kufunga kwetu sisi ni kusoma ubavu wa tairi. Maandishi 265/65R17 yaeleza upana wa milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Namba 112 inayofuata yaruhusu kilo 1,120 kwa kila tairi. Na tarakimu 2319 zataja kwamba tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, nazo ndizo nizitazamazo kwanza kwa tairi za mtumba. Mtoto aliyesinzia kiti cha nyuma hakushauriwa katika uchaguzi wa rimu hizo, na haki yake yanishughulisha kuliko uzuri wote wa rimu. Basi fundi akisema zaenea, mwombe azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, abiria wote wakiwa wamekwisha kupanda, uone kama tairi zagusa popote.